Ukungu wa Mlimani na Ukungu wa Kiooni

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo mtu angedhani havina ujamaa wowote. Ule mvuke mweupe wa baridi unaofunika milima alfajiri twauita ukungu. Na ile sufi inayoota juu ya mkate uliolazwa siku mbili, au juu ya kiatu cha ngozi kilichosahauliwa uvunguni wakati wa masika, nayo pia ni ukungu. Sikuwahi kulitia jambo hili maanani mpaka mwezi wa Julai mwaka jana, nilipopanda milima ya Taita kwenda kuupiga picha ukungu wa kwanza kwa lenzi iliyoota ukungu wa pili.

Nianze khabari hii shinani, msomaji, kwani bila ya kumjua mwenye lenzi hutafahamu kwa nini mtu mzima mwenye kazi na watoto alifunga safari kwenda kutetemeka kwa baridi juu ya jabali.

PAZIA LA USWISI

Lenzi hiyo ni ya Ami yangu, ndugu yake marehemu baba. Ami alikuwa mpiga picha hapa Mombasa, na duka lake, chumba cha mbele cha kupigia na kijichumba cha giza nyuma yake, lilikuwa Mji wa Kale, mwendo wa dakika chache kutoka Ngomeni. Alilifungua mwaka 1967 akalifunga mwaka 1994, wakati maduka ya picha za rangi yalipokwisha enea, filamu nzima ikisafishwa kwa saa moja, na watu wakaanza kujipigia wenyewe. Katika miaka hiyo aliwapiga mabwana harusi wasiohisabika, watoto wa chuoni, mahujaji waliotaka picha za pasi, na mabaharia waliotaka kupeleka sura zao kwao. Siku ya Idi foleni ilianza mara tu watu watokapo kuswali, watoto wamevaa viatu vipya vinavyowabana, ikafika hata barazani kwa jirani.

Nyuma ya kiti cha kupigiwa picha lilitundikwa pazia. Mchoraji mmoja wa mjini alilichora kwa kunakili kalenda ya Uswisi: milima mitatu, mmoja nyuma ya mwengine, theluji juu, na katikati mkanda mweupe wa ukungu uliotandazwa kama shuka. Ukizipekua albamu za zamani za mitaa yetu utamwona mzee wa Kibokoni, kanzu imepigwa pasi na bakora iko mkononi, ameketi chini ya milima ya Ulaya. Hakuna aliyeona kioja. Pazia lilikuwa ni pazia, na lile lilipendwa kuliko la bustani na kuliko lile la ndege ya abiria.

Ami mwenyewe hakupata kuuona ukungu wa mlimani. Safari zake zote zilikuwa za pwani: Lamu, Tanga, Unguja. Milima aliyoiona ni yale majabali makavu ya Makka alipohiji, na huko, asema, jua lilikuwa kali hata mtu hawezi kuufikiria ukungu.

Nyumbani kwake mna mtoto wa meza umejaa bahasha za khaki. Ni picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Wengine walisafiri, wengine walikosa pesa za kumalizia, wengine walikufa. Kila bahasha ina jina kwa kalamu ya risasi. Duka limefungwa zaidi ya miaka thelathini na bado hazitupi, na ukimwambia azitupe hukasirika.

TAA KATIKA KABATI

Lenzi ni Super-Takumar ya milimita 50, iliyoundwa na kampuni ya Asahi ya Japani, wenye kamera za Pentax. Ami aliinunua mwaka 1969 kwa baharia mmoja Kilindini, kwa bei ambayo hata leo hataki mkewe aijue. Ni chuma na kioo tu. Ndani yake hamna mota wala waya. Ukitaka kulenga wazungusha pete kwa vidole, nayo huzunguka kwa uzito wa kupendeza, kama kifuniko cha chupa ya asali. Pete nyengine hufungua na kufunga tundu la mwanga, ta, ta, ta, kila namba na mlio wake. Nyuma hufungwa kwa skrubu yenye upana wa milimita 42, skrubu ile ile iliyotumiwa na kamera za Praktica za Ujerumani ya Mashariki na Zenit za Muungano wa Sovieti. Ndiyo sababu lenzi za aina hii zimetapakaa duniani hadi leo, na nyingi katika hizo bei zake si za kutisha.

Huenda ukauliza, lenzi ya mwaka 1969 itaingiaje katika kamera ya leo? Jawabu lake ni jepesi. Kamera za zamani zilikuwa na kioo ndani, cha kuirusha sura hadi jichoni kwa mpigaji. Nyingi katika za sasa hazinacho, na kwa hivyo ni nyembamba. Lenzi ya zamani hutaka ikae mbali kidogo na mahali sura inapoangukia; basi nafasi iliyopungua hujazwa kwa pete ya chuma ya kuunganishia, skrubu upande mmoja na kitasa cha kamera yako upande wa pili. Kamera haitajua imefungwa lenzi gani. Kulenga na kufungua tundu utafanya wewe mwenyewe kwa mkono, kama alivyofanya Ami.

Lakini lenzi hii ilikuwa na ila mbili. Ya kwanza ni umanjano. Watengenezaji wa miaka hiyo walitia thoriamu katika baadhi ya vioo ili viupinde mwanga zaidi. Thoriamu ina mnururisho kidogo, na mnururisho huo, mwaka baada ya mwaka, hukigeuza kioo kikawa rangi ya chai ya mkandaa. Ukiianika lenzi dirishani juani siku kadhaa, umanjano hupungua. Ami hakupata kuianika. Alipiga zaidi filamu za nyeusi na nyeupe, na katika hizo umanjano haudhuru. Hata husaidia kidogo mawingu yatengane na mbingu.

Ila ya pili ni ukungu, na hapo pana kisa. Dukani Ami alikuwa na kabati la mbao, na chini ya rafu yake balbu ya wati 25 iliyowaka usiku na mchana. Mke wa Ami aliilalamikia bili ya stima miaka nenda miaka rudi, asione maana ya kuwawekea taa vyombo visivyo na macho. Kumbe joto lile dogo ndilo lililokausha hewa ya kabatini. Ukungu hupenda giza, unyevu na hewa isiyotembea, na Mombasa yetu haijapungukiwa na unyevu. Duka lilipofungwa kabati likauzwa, na lenzi ikatiwa katika mkoba wake wa ngozi ikawekwa juu ya almari. Ngozi hunywa unyevu na kuushika. Nilipoufungua mkoba ule na kukiangaza kioo kwa tochi, niliona nyuzi nyembamba zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, mfano wa ramani ya mito.

Nikampelekea fundi. Akaniambia kwamba nyuzi zaweza kufutwa lenzi ikifunguliwa, lakini ukungu ukikaa sana hutoa asidi inayoutafuna ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na palipotafunwa alama haitoki tena. Nikarudi kwa Ami kumtaka ruhusa ifunguliwe.

"Kwanza kaitumie," akaniambia. "Hukati kitu kabla hujajua kinauma wapi, mwanangu."

Maneno ya kukata hayakumtoka bure. Miaka mitatu nyuma daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba dawa yake ni kupasuliwa. Ami akakataa. Akawa hututambua kwa sauti zetu na kwa mwendo. Mtu aliyekula kwa macho yake maisha yote akawa apapasa ukuta kwenda chooni, na hataki kuambiwa neno. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye jicho bovu bado ana jicho. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyenisimulia utotoni khabari za Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufa Cairo mnamo mwaka 1040, aliyebainisha katika Kitab al-Manazir kwamba si jicho linalotoa mwanga likaenda kuvitafuta vitu, bali mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni; na alilijaribu jambo hilo kwa taa na tundu katika chumba cha giza. Basi ikiwa mwanga ndio unaoingia, Ami, na mlango umeziba, si ufunguliwe? Alicheka sana, lakini hakukubali.

Ndipo tulipowekeana sharti. Mimi niende nikampigie pazia la kweli, mlima wa haki na ukungu wa haki, kwa lenzi yake mwenyewe. Yeye akubali daktari amfanye jicho moja tu, la kushoto, apate kuiona picha.

"Tangulia wewe," akasema. "Ukirudi na picha mbovu, mimi sendi."

KUSI HUPANDA MLIMA

Ukungu wa kupiga picha uko pengi, Limuru, Nyandarua, Mlima Kenya. Nilichagua Taita kwa sababu ni jirani zetu: nilipanda treni Miritini asubuhi, na adhuhuri nimeshateremka Voi. Voi mtu hufuta jasho. Ukipanda matatu ukapitia Mwatate na kuanza zile kona za mlimani, jasho hukauka kabla hujafika Wundanyi, na huko utawakuta watu wamevaa makoti mchana. Milima hii imesimama peke yake katikati ya nyika kavu ya Tsavo, mfano wa kisiwa, na kilele chake kirefu, Vuria, kina mita 2,208.

Kulikuwa na sababu nyengine, ambayo sikumwambia Ami kwa kuchelea ataniona mshairi. Ukungu wa Taita ni bahari yetu. Upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyasukuma majahazi kurudi Arabuni, hunywa maji juu ya Bahari ya Hindi, ukapita juu ya vichwa vyetu na juu ya nyika pasipo kukuta pa kuyatua. Kisha wakumbana na milima ya Taita, hauna njia ila kupanda. Hewa inayopanda hupoa, kiasi cha digrii moja kwa kila mita mia, mpaka ikashindwa kuushika mvuke wake. Mvuke ukawa matone madogo mno yanayoelea. Matone hayo ndiyo ukungu. Joto la Mombasa linalotunyima usingizi usiku, huko juu ni wingu mlangoni kwa watu.

Msitu nao huyadaka matone hayo. Nilisimama chini ya miti ya Ngangao, mvua hainyeshi, na huku natonewa shingoni. Kila tawi limevaa kuvumwani, na kila kuvumwani imelowa. Mwenyeji wangu, kijana wa Wundanyi anayependa kamera kama mimi, alinieleza kwamba vijito vya chini vyategemea kutona huko. Msitu wa asili wa Taita umebaki vipande vipande tu juu ya milima. Ngangao wenyewe ni kama hekta 120, na baadhi ya ndege waliomo hawapatikani kwengine kokote duniani. Palipokatwa pamepandwa mahindi na mboga, na kwengine misonobari na mikalitusi. Utaijua tofauti bila ya kuambiwa: chini ya mikalitusi nilitembea kwa viatu vikavu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Niliamka, nikatawadha kwa maji yaliyonifanya nitamke jina la Mola mara nyingi kuliko ilivyo sunna, nikasali, tukapanda gizani kwenye bega la Vuria. Jua likatokea mbele yangu, ukungu umejaa bondeni kama maziwa bakulini, nikafyatua kama mwendawazimu. Zote zilitoka nyeupe kama maji ya wali. Zile nyuzi za ukungu kiooni, jua likizipiga uso kwa uso, huutawanya mwanga ndani ya lenzi hata weusi wote ukatoweka. Hata lenzi safi ya miaka ile haipendi jua machoni, kwani utando wake ni wa tabaka moja. Asahi walianza kuuza lenzi hizi zikiwa na utando wa tabaka nyingi mwaka 1971, baada ya baharia wangu kwisha kuuza yake. Mwenyeji wangu hakunicheka. Alikata kadi nyeusi, akaikunja ikawa bomba, akaivisha mdomoni mwa lenzi kama kofia yenye ukingo. Tangu hapo nililipa jua bega au mgongo.

Siku ya pili ukungu ulikuja mzito mno, sikuona hata miguu yangu. Lakini siku hiyo ndiyo niliyojifunza thamani ya ile pete. Kamera ya mwenyeji wangu ni mpya, na lenzi yake hulenga yenyewe kwa mota. Mota hutafuta mahali ambapo cheusi kimepakana na cheupe ili ijue pa kusimama. Ukunguni hamna mpaka, yote ni kijivu. Basi ikawa yaenda mbele, yarudi nyuma, zii, zii, zii, kama nzi ndani ya gilasi, na kijana wa watu haruhusiwi hata kufyatua. Mimi nilizungusha pete mpaka kivuli cha mti kikasimama, nikaiacha hapo. Na hapa nimwonye atakayejaribu: usiiamini alama ya mbali kabisa iliyochorwa kwenye lenzi, kwani pete nyingi za kuunganishia ni nyembamba kupita kiasi, na lenzi hupitiliza. Tafuta shina la mti ulengee hapo.

Na jambo jengine. Kamera, mpya kwa kuukuu, hudhani kila ulimwengu una rangi ya kijivu. Ukiielekeza kwenye ukungu mweupe, huudhania mwanga umezidi ikaukatakata, picha ikatoka kama moshi wa jiko la makaa. Lazima umwongezee mwanga, mara mbili ya ule unaotaka wenyewe, wakati mwengine na zaidi. Ami alikuwa akifanya hivyo kwa kanzu nyeupe za mabwana harusi, na hakuwa na haja ya kuambiwa na mtu.

Siku ya tatu Mwenyezi Mungu alinijaalia. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi kukawa shwari, na kutoka begani mwa Vuria milima ikawa imepangika safu nyuma ya safu. Ya karibu nyeusi, ya pili samawati, ya tatu kama jivu, na ya mwisho hujui kama ni mlima au ni nia yako. Kila safu ikiwa mbali, ndivyo hewa na matone baina yako nayo yalivyo mengi, nayo yote huangaza kidogo na kuifunika. Nikalikumbuka pazia. Yule mchoraji wetu, ambaye sidhani kama alipata kuvuka Mariakani, aliipatia hiyo: mlima wa tatu aliupauza kuliko wa kwanza. Alilokosa ni mkanda wa ukungu. Aliutandaza ukalala kitako. Ukungu wa kweli haulali. Hutoka chini bondeni, hupanda mlima kwa miguu yake, huzunguka mti mmoja ukauacha wa pili, na kwa muda wa kuhisabu mia huwa umeshachukua kijiji kizima na kukirudisha.

Nilifunga tundu hadi namba nane, nikaiweka kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikaifunga rangi yake kwenye nuru ya mchana isijibadilishe, nikapiga taratibu. Sikupiga zaidi ya thelathini na sita, hisabu ya filamu moja ya Ami. Katika mwanga ule mpole lenzi ilinitii. Uhafifu wa utando wake wa kale, ambao juani ulikuwa balaa, hapa ulifanya ukingo wa kila mlima uyeyukie katika wa nyuma yake, pasipo ule ukali wa kisu ambao lenzi za leo hukata kila kitu. Wako wasemao kwamba lenzi kuukuu ni bora kuliko mpya. Mimi sisemi hivyo. Ukungu wenyewe hauna weusi wa kutosha, na lenzi isiyo na weusi ikiongezwa juu yake huenda ukapata uji. Nilipata uji mwingi. Lakini zile tano au sita zilizoswihi sizibadilishi kwa kitu.

ALIYETOKA UKUNGUNI

Tulikuwa tukishuka njia ya Ngangao nilipozisikia hatua. Ukunguni masikio hutangulia macho. Kwanza viatu vya mpira juu ya tope, kisha pumzi, kisha kivuli kikubwa kisicho na umbo la mtu, na hatimaye akatokea mama mmoja amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe mpana kuliko mlango. Nilikuwa nimeshainua kamera, nikaishusha. Mwanamke wa watu, asubuhi, njia ya msituni, yafaa uombe. Mwenyeji wangu akamwamkia kwa Kidawida, wakazungumza, yule mama akaniangalia mimi na ile kadi nyeusi mdomoni mwa lenzi, akacheka.

Akaniambia kwa Kiswahili kwamba wapiga picha wa milima huja kila mwaka, na wote humpiga, na yeye hajapata kuiona hata moja. "Nipige basi, lakini nami niione."

Nikamwahidi. Nilifungua tundu mpaka namba mbili, nikamlengea macho, nikafyatua mara mbili. Msitu nyuma yake ukawa maziwa matupu. Akaendelea na njia yake, na ukungu ukamfunga.

Kurudi Mombasa niliitia lenzi katika mfuko wa plastiki nikaufunga barabara kabla hatujashuka mlima, nisiufungue mpaka usiku nyumbani. Kioo kilichopoa kikikutana ghafla na hewa ya pwani hutoka jasho nje na ndani, na jasho hilo ndilo chakula cha ukungu. Laiti ule mkoba wa ngozi ungalifundishwa hayo mapema.

Ami, kwa ungwana wake, alitimiza sharti kabla hata hajaiona picha moja. Daktari alimwondolea kioo cha jicho kilichoganda akamtilia cha plastiki. Siku ya kufunguliwa kitambaa niliingia, nikambusu mkono, nikasema, "Shikamoo Ami."

"Marahaba. Ukuta huu mumeupaka chokaa lini?"

Hakuna aliyepaka. Kioo cha jicho kikizeeka hugeuka manjano pole pole, na mwenyewe hajui kwa sababu hana cha kulinganisha. Ami alikuwa ameuona ukuta ule manjano miaka mingi, na sasa ulikuwa mweupe wenye kukaribia samawati. Halafu daktari akamwelezea kwamba kioo kipya kimefungwa kwa mbali na hakigeuki. Cha karibu atakisoma kwa miwani. Hilo lilimpendeza kupita kiasi. Kila aliyekuja kumwangalia alimwambia, "Nimetiwa lenzi isiyo na pete."

Wiki iliyofuata nikampelekea picha kumi na mbili, nimezichapisha kubwa. Akavaa miwani yake, akazishika kwa kingo kama alivyonifundisha, akazipeleka dirishani. Alinyamaza muda mrefu. Nikangoja sifa.

"Umeziacha manjano zote," akasema.

Nikaziangalia. Wallahi zilikuwa manjano. Mlima, ukungu, mbingu, vyote vimepitishwa kwenye chai ya mkandaa. Mimi nilikuwa nimezizoea, nikadhani ndiyo nuru ya asubuhi.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nikikuoneni nyote," Ami akasema, akacheka mpaka mkewe akachungulia. Kisha akazipanga mezani kama karata. Ile ya safu nne za milima aliigonga kwa kidole. "Hili ndilo pazia. Zuri. Na aliyekaa mbele ya pazia yuko wapi?"

Nikamwonyesha ile ya mama wa majani. Aliikalia. Akaigeuza upande, akaangalia macho, mkono ulioshika kamba, tone la maji kwenye ukingo wa jani. Alama za ule ukungu wa kiooni hazikuonekana popote. Zile nyengine akazikusanya akazisukuma kando.

"Hii. Yake umeshampa?"

"Bado, Ami."

"Jina lake nani?"

Sikuwa na jina. Sikuuliza. Ami akavua miwani, akaniangalia kwa lile jicho lake jipya la mbali, asiseme kitu. Akauvuta ule mtoto wa meza, akatoa bahasha tupu ya khaki, akaitia picha, na kwa kalamu ya risasi akaandika pole pole: Mama wa majani, njia ya Ngangao. Bahasha hakuirudisha pamoja na zile nyengine. Alinipa mimi.

Jumamosi hiyo nilikuwa kituoni Miritini kabla ya saa mbili. Lenzi niliiacha kwa Ami, imeanikwa dirishani juani kuondoa manjano, naye akavuta kiti karibu yake. Alisema atakaa hapo mpaka nirudi, kuwafukuza kunguru.